Maziwa ya Chelel

Nikiwa mtoto kule Olenguruone, kulikuwa na sheria moja pale nyumbani ambayo hakuna mtu aliyekaa chini akanieleza. Niliijua tu, vile mtoto anavyojua ni mbwa gani wa jirani anauma. Mwanamke akiwa na siku zake hamkaribii ng'ombe. Hamkamui, hamlishi, hata zizini haingii. Akithubutu, maziwa yatageuka damu na ng'ombe atakauka. Hivyo ndivyo alivyosema Kogo, nyanya yangu, mama wa baba, na Kogo alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja halafu anarudi kwenye ugoro wake.

Mambo mengine yote Mama aliruhusiwa. Hapo ndipo hasira yangu inapoanza, hata kabla sijafika kwenye kisa chenyewe. Akiwa na siku zake Mama alipanda kutoka mtoni na mtungi wa maji mgongoni. Alipasua kuni. Alichimba viazi kwenye tope baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Viazi havikuogopa damu, wala kuni, wala maji tuliyokunywa sote. Aliyeogopewa ni ng'ombe peke yake, kwa sababu ng'ombe ndiye aliyekuwa na maana pale nyumbani.

Ng'ombe wetu aliitwa Chelel, yaani mweupe kwa lugha yetu, kwa sababu alikuwa mweupe karibu mwili mzima. Alikuwa wa gredi, ng'ombe wa kisasa wa maziwa mengi, maziwa yake yalichukuliwa kila asubuhi na gari la ushirika, na Baba alimsifu kwa wageni vile watu wengine wanavyosifu mtoto aliyefaulu mtihani. Kwa kawaida Mama ndiye aliyemkamua. Alimwosha kiwele na maji moto, akampangusa na kitambaa safi, akampaka mafuta, huku akimwimbia polepole. Siku zake zikifika alimnong'oneza Kogo, naye Baba akashika ndoo. Baba hakuwa mtu wa maji moto. Alitoka shambani na matope yake, akatemea viganja mate, akaanza kuvuta.

Sasa, mwaka ule nikiwa darasa la nne, siku za Mama zilikataa kwisha. Wiki ilipita, ikaja nyingine, mwezi ukaisha na mwingine ukaingia. Kila asubuhi Kogo alisimama mlangoni mwa jikoni akauliza neno moja tu.

"Bado?"

"Bado, Mama," mama yangu alimjibu.

Basi Kogo akageuka akamwita Baba aende akakamue.

Nataka jambo hili lieleweke, maana nikiwasimulia watu wanadhani Mama alificha. Hakuficha! Nyumba nzima ilijua kwamba kuna mwanamke hapa anatoka damu, na inaendelea, na haikomi. Aliulizwa kila siku. Kilichobadilika kwa sababu ya jibu lake ni mkono wa kukamua tu. Hakuna aliyesema, ngoja, mtu atatoka damu hivi mpaka lini? Mama mwenyewe alianza kumega udongo wa ukutani na kuula, akidhani simwoni. Midomo yake ilikuwa imepauka. Akitoka mtoni alitua mtungi njiani mara kadhaa, akishika kiuno, na aliponiona namtazama aliniambia nisonge mbele, anakuja.

Halafu asubuhi moja Baba hakuwepo. Alikuwa ameenda matanga upande wa Keringet na hakuwa amerudi. Chelel alikuwa analia zizini, kiwele kimejaa mpaka kimeng'aa, na gari la maziwa halikuwa linangoja mtu. Mikono ya Kogo ilikuwa imekunjamana kwa baridi yabisi, haingeweza kufinya chuchu. Mimi nilijaribu, Chelel akapiga ndoo teke. Mama akatoka jikoni na maji yake ya moto, akanisukuma kando taratibu, akainama.

Kogo alitokea akiwa ameshika fimbo yake. Hakupiga kelele. Alimtazama Mama akikamua mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Chepkoech, umefanya. Sasa utaona."

Na tuliona. Jioni ile Baba alirudi, akakamua yeye. Kesho yake asubuhi nilimpelekea ndoo, na nilikuwa nimesimama pale pale alipovuta chuchu ya nyuma ya kushoto ikatoa mabonge, halafu ikatoa maziwa mekundu. Damu kabisa. Upande ule wa kiwele ulikuwa umevimba na una moto, na Chelel hakutaka kuguswa.

Niliamini. Kwa nini nisiamini? Nilikuwa nimeambiwa maziwa yatageuka damu, na hii hapa damu, inateremka kwenye ukingo wa ndoo. Nilimwangalia Mama kule mlangoni nikaona mtu aliyemharibu Chelel, na haki ya Mungu nilimwonea aibu. Kogo hakusema "si nilisema?" Hakukuwa na haja. Baba naye alimpita Mama kama hayupo, akatoa simu yake, akatembea mpaka pale kwenye kilima kidogo ambapo mtandao ulikuwa unashika.

Daktari wa ng'ombe alifika kabla ya saa nne. Angalia hiyo kasi. Alikuja na pikipiki, gambuti zake zimejaa tope, sanduku limefungwa nyuma na mpira. Alikuwa kijana, na alizungumza Kiswahili cha Nakuru mjini.

"Nani hukamua huyu?" aliuliza akiwa amechuchumaa chini ya Chelel.

Kogo alimwonyesha Mama kwa fimbo. "Yule. Alimgusa akiwa mchafu."

"Mchafu aje? Hakunawa mikono?"

Baba akakohoa, akasema ni yale mambo ya wanawake.

"Aa. Na kabla yake, nani amekuwa akikamua?"

"Mimi," Baba akasema.

"Kwa muda gani?"

"Kama miezi miwili hivi."

"Unaosha kiwele na maji moto?"

Baba aliangalia mikono yake. Nami nikaiangalia. Daktari akatikisa kichwa, akasema huu ni ugonjwa wa kiwele, unatoka kwa uchafu wa mikono na zizi, na hauji kwa asubuhi moja, ulikuwa ndani ukijipika. Alisema wazi, kwa sauti, mbele ya kila mtu. Mpaka leo sijaelewa maneno yale yalienda wapi. Kogo aliyasikia na hayakumwingia hata kidogo. Baba aliyasikia na baadaye nilimsikia akimwambia jirani kwamba mke wake alimtia Chelel mkosi.

Daktari alimsukumia Chelel dawa ndani ya chuchu, akamdunga sindano shingoni, kisha akamvuta ukope wa chini kuangalia rangi. "Damu yake iko sawa," akasema. Wakati huo Mama alikuwa analeta karai la maji ili daktari anawe. Alifika kwenye lango la zizi, akasimama, maana haruhusiwi, na pale pale akaishiwa nguvu. Alishikilia nguzo. Karai lilianguka, maji yote yakamwagika.

"Mathe," daktari alisema, akimfuata. "Hebu nione macho yako." Akamvuta Mama ukope vile vile alivyomvuta ng'ombe. Ndani kulikuwa kweupe, hakuna hata dalili ya wekundu. Aligeuka kwa Baba. "Mzee, ng'ombe wako atapona. Huyu ndiye hana damu. Mpeleke hospitali leo."

"Sawa, daktari," Baba akasema. "Tutapanga."

Tutapanga! Kuna maneno nikiyasikia hata leo kwa mtu asiye na hatia nataka kurusha kitu. Kesho yake daktari alirudi kumdunga Chelel, akamkuta Mama akichambua viazi uani, ameketi kwa sababu hawezi kusimama. Akauliza. Baba akasema viazi vinaoza, vikishatoka shambani wataenda. Siku iliyofuata daktari alikuja tena, akamkuta Mama amelala juu ya magunia. Hakuteremka kwenye pikipiki.

"Leo simdungi huyu ng'ombe," akasema.

Baba alidhani ni utani. "Lakini ulisema dawa ikikatizwa ugonjwa utarudi."

"Utarudi, ndiyo. Na chuchu itakufa, labda kiwele chote. Mathe akipanda gari, nitamdunga. Asipopanda, mimi naenda zangu."

"Wewe ni daktari wa ng'ombe ama wa watu?" Kogo akafoka.

"Wa ng'ombe, Kogo. Ndiyo maana mnanisikiliza."

Basi gari likapatikana. Lilikuwa wapi siku zote hizo? Lilikuwa kwa jirani, pikapu ya viazi, inaenda Nakuru kila wiki. Mama aliwekwa mbele akiwa amefungwa leso mbili kiunoni. Nilipanda kwenye kidato cha gari kumuaga, nikitegemea ataniambia nisiogope. Aliniambia, "Chepkoech, umwoshe kiwele na maji moto. Usimwachie baba yako." Gari lilipopita kona, daktari aliteremka, akafungua sanduku, akamdunga Chelel.

Nakuru walimwongezea damu, halafu wakamtoa uvimbe kwenye kizazi, na kizazi chenyewe wakakitoa, kwa sababu uvimbe ulikuwa umeachwa ukakua mno. Walimwambia Baba kwamba angeletwa mapema ingekuwa hadithi nyingine. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu, tena msichana, na sasa ilijulikana kwamba hatakuja mwingine. Baba hakumfukuza, hapana, hakuwa mtu wa fujo. Alianza tu kuchelewa mjini Molo, kisha kulala Molo, na hatimaye tukasikia Molo kuna mama mwingine na kuna mtoto wa kiume.

Kogo ndiye aliyebaki nasi. Na Mama alipopata nguvu ya kutembea mpaka uani, Kogo alimpokea pale mlangoni akiwa ameshika ndoo ya kukamulia. "Sasa umekuwa kama mimi," alimwambia. "Hakuna siku zitakazokuzuia. Shika. Ng'ombe ni wako." Alisema kwa upendo, hilo siwezi kumnyima. Aliona anampa Mama cheo. Kilichonichoma, na kinanichoma mpaka sasa, ni kwamba Mama aliipokea ndoo kwa mikono miwili akatabasamu.

Siku hizi naishi Nakuru, mtaa wa Section 58, na nina kibanda cha kushona sare za shule kule Rhonda. Tuko wanawake wanne kwenye vyerehani. Mmoja wetu alikuwa akikunja leso na kuikalia kutwa nzima kwa sababu damu haikomi, na ukimuuliza anakwambia ni kawaida tu, mama yake pia alikuwa hivyo. Hatuna ng'ombe Rhonda wala hatuna Kogo, lakini hilo "kawaida tu" la mwenzetu halina tofauti kubwa na lile "bado" la nyumbani. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, kwa kelele, huku akilalamika kwamba namharibia kazi.

Desemba iliyopita nilienda Olenguruone na binti yangu Cherop. Kogo alishafariki. Mama ana ng'ombe wawili wakubwa na ndama, wanawake wa pale wanamwita wakati wa mikutano ya ushirika, na akiongea wanamsikiliza. Nilikuwa najivunia. Jioni ya kwanza Cherop alichukua ndoo kumsaidia nyanya yake, na Mama akamsimamisha langoni, akamwinamia sikioni, akamuuliza kitu. Niliona mtoto akiinamisha kichwa. Kisha nikaona Mama akimpokonya ndoo.

Nilitoka nyumbani bila viatu. "Mama! Ni wewe unafanya hivyo? Wewe?"

"Si nimemwambia angoje nje tu? Kungoja kunamuumiza wapi?"

"Wewe ulingojeshwa nje mpaka ukaishiwa na damu!"

"Huo ulikuwa ugonjwa," akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Huyu ni ng'ombe."

"Daktari alituambia ni mikono ya Baba. Nilikuwepo, nilisikia."

"Hata mimi nilisikia, Chepkoech. Lakini niliiona ile damu kwenye ndoo."

Hata mimi niliiona. Nilichukua ndoo mkononi mwake. Nilimwambia kwamba mimi pia niko na siku zangu, ni siku ya pili, na ninaingia kukamua. Nilichemsha maji, nikamwosha ng'ombe kiwele, nikampangusa, nikampaka mafuta, nikakamua mpaka tone la mwisho, Cherop amesimama kando yangu. Mama alikaa jikoni. Tulikula chakula cha jioni tukizungumzia bei ya mbolea.

Nililala nikijiambia kwamba nimeshinda. Kwamba asubuhi ataona maziwa ni meupe, na jambo hili litaisha pale pale, mbele ya mjukuu wake. Niliamka na tumbo linaniuma vibaya, kuliko kawaida ya siku zangu, nikakaa kwenye ngazi ya jikoni nimejikunja. Mama alitoka chumbani kwake, akanipita, akaenda moja kwa moja zizini. Nilimwona akiinama, akishika chuchu moja moja, akikamua kidogo kwenye kiganja na kukisogeza kwenye mwanga.

Alirudi uso umetulia. "Ng'ombe hana neno," akaniambia, "leo amenusurika." Kisha akanipita tena, nikiwa bado nimejikunja pale ngazini, akaingia ndani kuwasha moto wa chai.