Chale za Mgongoni

Nilirudi Songea kutoka kozi ya upasuaji wa mgongo, miezi mitatu Dar, kichwa kimenivimba. Nilikuwa natafuta mgongo wa kupasua, nasema kweli.

Ukaja. Mwanamume wa kijiji cha Nalasi, kuli wa mahindi. Siku zile wafanyabiashara binafsi walikuwa wamejaa mjini wakishindilia lumbesa, gunia linalopandishwa kilemba juu, na makuli ndio wanaolibeba. Huyu aliletwa kwa machela, miguu imeanza kufa ganzi.

"Gunia ndilo lililonivunja, daktari. Nina watoto wanne. Nisipotembea tumekwisha."

Nilimwamini upesi mno. Wengi wanaoumwa mgongo nawapa dawa, mazoezi na onyo la kutobeba mizigo. Kisu ni cha wachache. Huyu nikaona ndiye mchache wangu: kile kitu laini kati ya pingili kimechomoka, kinabana mishipa, kama tulivyofundishwa. Filamu za eksirei zilikuwa zimekwisha. Nikaandika apasuliwe kesho yake.

Asubuhi muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, mama mtu mzima ambaye hata mimi nilimwamkia, alikuwa anamwosha mgongo. Akaniita.

"Hizi chale umeziona?"

"Mama, kila mgongo hapa una chale!" Nilijibu kwa ukali. Nani anafika kwetu bila kupitia kwa mganga?

"Basi ziangalie."

Mganga huchanja panapouma. Za juu zilikuwa bado mbichi. Za chini yake zilikwishapona siku nyingi, zimebaki makovu.

"Gunia limemvunja lini?" akauliza.

"Wiki tatu."

"Na kovu hili ni la wiki tatu?"

Akainama kwa mgonjwa. "Baba, jioni huwa unapata homa?"

"Tangu msimu wa korosho uliopita, mama. Na jasho usiku, nguo zote zinalowa chapa."

Akapitisha kidole kwenye uti. Katikati palikuwa na kinundu kidogo, nami jana nilikipita mkono ukiwa na haraka. Homa, jasho, kinundu: hiyo si kazi ya gunia.

Nikafuta upasuaji. Tukampeleka hospitali ya Peramiho kupigwa picha: pingili mbili zimeliwa na kifua kikuu. Ningemfungua kwa nyuma, ningetoa mfupa pekee uliobaki ukimshikilia, na miguu ndiyo basi tena. Alichohitaji ni dawa za kifua kikuu na kulala chali kwa subira. Alilala miezi, akilalamika juu ya uji wetu, mpaka siku moja akakunja goti.

Zaidi ya mwaka ukapita. Akaja kwa miguu yake, na fimbo, akaweka mfuko wa korosho mezani kwangu.

"Alhamdulillahi. Mola aibariki mikono yako, daktari."

Yule mama alikuwa pembeni anapanga mafaili. Ningeweza kupokea na kushukuru tu, na nusura nifanye hivyo. Aibu ikanipanda hadi masikioni.

"Baba, mimi nilitaka kukupasua," nikasema. "Ungelemaa. Aliyekuokoa ni huyu mama."

Akauchukua mfuko mezani, akampa mama kwa mikono miwili. Akanigeukia, sauti yake haina hata hasira.

"Wewe daktari, endelea kusoma."