Bafle Iliyoliaka Sawa Ngombe

Masomo niliachia ku primaire. Bingine byote nilijifundisha mu sale ya video ya hapa Baraka, nyumba ya mabati pembeni ya soko, kwa filme za bakoboi. Tulikuwa tunabanana ku mabanc, jasho inashuka, na operateri anatutafsiria mambo ya bazungu: "Huyu njo akteri. Ule wa masharubu ni bandi. Akteri hafi, mutulie." Na tulikuwa tunatulia, hata akteri akipigwa masasi ya bunduki ya kujaza ndoo.

Farasi hakuna mutu aliyeonaka. Lakini ngombe tulizijua, kwa sababu zinashukaka hapa kutoka milima ya Minembwe. Basi mi nikatafuta kamba, nikafunga kitanzi, nikaanza kukamata mbuzi za majirani. Mara moja nilikamata hata jogoo. Mpaka leo ikiniona inabadilisha njia.

Kisha yaya yangu, dada yangu mukubwa, akapata bwana. Siku ya mahari, upande wa bwana bakaleta bikwembe bya kuvaa, mbuzi, na ngombe moja ya Minembwe pamoja na muchungaji wake, muzee wa fimbo ndefu na maneno kidogo. Wa kupokea alikuwa mujomba yetu. Alisemaka wazi: "Ngombe isipoingia mu lupango yangu, ndani ya ua ya nyumba yangu, hakuna ndoa. Yaya yenu atarudia ku masufuria."

Ngombe ikafika pa mulango. Bamama bakapiga bigelegele. Ngombe ikashituka, ikakata kamba, ikaenda.

Yaya akatoka mu nyumba na mafuta ku uso. "Bwana yangu ule anakimbilia soko," anasema, analia.

Mi nikaona saa yangu imefika. Nikachukua kamba, nikaruka ku moto, pikipiki ya motari mumoja aliyesimama pa mulango.

"Fuata ile ngombe."

Motari ananiuliza: "Itakata kushoto ao kuume?"

"Haina klinyota, taa ya kuonyesha kona. We fuata."

Tukaikaribia. Nikazungusha kamba, nikatupa. Ilienda muzuri sana. Shida ni mujomba, alikuwa amepitia njia ya mukato, akatokea mbele na koti yake, mikono wazi, anataka kuzuia. Kamba ikamuingia ku shingo. Akalala chini polepole.

"Mutoto we," anasema, "mi iko na pembe?"

Wakati namufungua, tukasikia bantu banatoka mbio mu sale ya video, wengine na mabanc yabo. Kumbe filme ilifika pale bakoboi banavusha ngombe mu muto, na bafle, ile spika ya sauti, inalia mbuuu. Ya kwetu ilisikia, ikaingia bila tiketi. Tuliikuta mbele ya ekra ya televizio, inalamba kioo.

Tukavuta, ikakataa. Tukasukuma, ikatukanyaga. Muzee wa fimbo akafika kwa miguu, bila haraka, akaangalia.

"Muiache," anasema. "Imekuta bandugu yake. Hata we haungeacha."

Masasi yakaanza mu filme, ngombe ikasimamisha masikio, inatafuta pa kutorokea. Operateri akashika telekomandi. "Nirudishe pa ngombe?"

"Rudisha, papa, rudisha," tunamujibu wote.

Akarudisha, ikatulia. Masasi tena, akarudisha tena. Mujomba anapanguza koti: "Mi nilisema mu lupango yangu. Hapa ni lupango yangu?"

Njo yaya aliingia, kandambili moja tu ku muguu. Akaangalia ngombe, akaangalia bafle ndogo ya batri pa kona, akaniangalia.

"We koboi," anasema. "Kuya hapa."

Operateri akatia ile sauti mu bafle ndogo, inalia bila kusimama. Bakaniweka bafle ku kichwa. Basi nikapita Baraka muzima, nalia mbuuu, na ngombe nyuma yangu inanilamba shingo, muzee nyuma ya ngombe, bantu nyuma ya muzee. Motari njo alikuwa anapita kando, anapiga klakson kwa heshima.

Tukaingia mu lupango. Mujomba akafunga mulango yeye mwenyewe, akagusa pembe, akasema amepokea.

Jioni yaya akaenda kwa bwana. Wakati wa kuagana alinikumbatia, machozi inamushuka, akaleta kinywa pa sikio yangu sawa mutu mwenye neno kubwa.

"Mbuuu," anasema.