Madamu Nukta Kongamanoni

Wanafunzi walimbandika jina la Madamu Nukta kwa kuwa sentensi isiyo na nukta haikusalimika mikononi mwake. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka ishirini na miwili. Lakini kwenye kongamano la walimu wa Kiingereza alikwenda roho mkononi: madarasa yake mawili ya mtihani yalikuwa yamefeli mfululizo, na mwalimu mkuu alikwishamwambia bila kupepesa macho kwamba wakifeli tena, darasa litapewa mwingine. "Nenda ukachote hizo mbinu za kidijitali," alimwambia.

Basi akaenda kuchota. Mwezeshaji, kijana wa viatu vyeupe, alizungumza na picha za projekta ukutani kuliko na watu. Mara programu ya kutunga maswali, mara ubao unaoandikwa na watu hamsini kwa pamoja, mara mashine inayosahihisha insha kabla hujameza mate. "Skanini hapo!" Madamu akaelekeza simu kwenye mraba wa vidoti uliokuwa ukutani, simu ikamwonyesha kidevu chake mwenyewe na matundu ya pua.

"Mwalimu mwenzangu, tunabonyeza wapi?" alimnong'oneza jirani yake, mwalimu mnene mwenye tai, aliyekuwa akitikisa kichwa kama aliyezaliwa na kompyuta.

"Bonyeza tu, dada. Itajifungua yenyewe."

Haikujifungua. Na kila baada ya dakika kumi kijana aliuliza, "Tuko pamoja?" ukumbi ukaitikia, "Ndiyooo!" Madamu naye aliitikia, tena kwa sauti. Kuuliza si ujinga, ni kweli, lakini waliosema hivyo hawakuketi katikati ya walimu zaidi ya sitini wanaotikisa vichwa.

Mwishowe kijana akapita akiwafungulia simu waliokwama. "Sasa jibuni humo. Jina halionekani. Umeelewa, au hujaelewa?"

Madamu akatazama huku na huku, akafunika simu kwa kiganja, akabonyeza. Majibu yakajitokeza ukutani: walioelewa, wanne, wasioelewa, hamsini na tisa. Ukumbi ukaangua kicheko, na mwenye tai akacheka kuliko wote huku jasho likimtiririka. Madamu hakucheka. Alikuwa amewakumbuka wanafunzi wake, ambao nao humwitikia "Ndiyooo!" kila siku.

Jumatatu, darasani hakukuwa na projekta wala intaneti. Aliwaambia wanafunzi walaze vichwa madawatini na wafumbe macho.

"Asichungulie mtu. Somo la wiki hizi mbili, ambaye hajaelewa anyooshe mkono. Siandiki jina la mtu."

Ukanyooka mkono mmoja, kisha mitano, kisha akapoteza hesabu na kuanza upya: arobaini na saba, katika darasa la wanafunzi hamsini na wawili. Ule wa kwanza, dawati la pili, ulikuwa wa binti yake wa kuzaa, ambaye kila jioni mezani akiulizwa kama ameelewa hujibu kwamba ameelewa.

Madamu aliona haya, akaona na hasira, hata asijue hasira hiyo amwelekezee nani.

"Shusheni mikono," alisema. "Na mimi nina swali. Niliwapoteza wapi?"



"Tangu muhula wa kwanza, mama," akajibu binti yake, macho kayafumba vilevile, akisahau kwamba darasani humwita madamu.