Ubao Mweusi wa Kaka Yangu

Kaka yangu tunamwita Dakika Moja, na jina hilo hatukumbambikia. Mwite mezani chakula kinapoa, atajibu kutoka chumbani, "Dakika moja tu." Mkewe aliniambia kwamba siku ya kujifungua mtoto wao wa kwanza alisimama mlangoni na begi lake, uchungu umeshika kasi, huku mumewe akiwinda kosa kwenye kompyuta, kosa ambalo eti lilikuwa limebaki kidogo tu kukamatwa. Mtoto alizaliwa salama, kosa likabaki palepale. Ni mtu mpole, hana makuu, lakini ukimweka mbele ya programu iliyogoma, haambiliki hasemezeki.

Kazi yake ni picha zinazogeuka kwenye skrini. Ameajiriwa na kampuni ya fanicha ili mteja aweze kulizungusha kochi kwa kidole, alione mgongo na miguu kabla hajalinunua. Kochi lenyewe, alinieleza, ni umbo tupu. Rangi na kitambaa ni picha inayovishwa juu yake, kama unavyouvisha mto foronya. Siku moja akagundua kwamba foronya si lazima iwe picha iliyotulia. Unaweza kulivisha umbo kile ambacho kamera inakiona sasa hivi, na ubao mkavu ukaanza kupepesa macho.

Habari hiyo ingeishia kwenye makochi kama si macho ya mama. Jicho moja lilizimika zamani. La pili lilibaki kuona vitu vikubwa vyenye mwanga mkali tu, kwa hiyo ukimpigia simu ya picha anakuambia, "Naona kivuli kinaongea." Kaka akamtengenezea sebule ndani ya kompyuta. Ukutani mwake kuna mbao, ubao mmoja kwa kila mmoja wetu, mama akiwemo, na kila ubao umevishwa kamera ya mwenyewe. Programu inaukuza uso, inaumwagia mwanga na kuikoleza mistari ya macho na mdomo, kisha sebule nzima inaonekana kwenye televisheni.

Majaribio yalituvunja mbavu. Mara ya kwanza dada yetu mkubwa alitokea kichwa chini. Mama akasema, "Huyu hata utotoni alipenda kuning'inia." Mara nyingine aliganda kinywa wazi, sauti inaendelea na uso umekwama, maana kaka alisahau kuiambia programu iwe inachukua picha mpya kila mara. Aliyarekebisha yote huku akipiga mluzi.

Kisha jicho hilo la pili likachafuka ghafla. Daktari akasema lazima lipasuliwe, na hakutuficha: huenda mama akaona zaidi, huenda asione tena kabisa. Dada na kaka wako mbali, kila mmoja na mji wake, na upasuaji ulikuwa asubuhi ya kesho yake. Hapakuwa na namna ya kufika. Mama alinishika mkono, mimi kitinda mimba wake niliyekuwa naye, akasema, "Kabla hawajanichukua, nataka niwaone wanangu."

Asubuhi niliunganisha kompyuta na televisheni ya wodini, nikamsogeza mama karibu. Ubao wa dada ukawaka.

"Mvi!" mama akapiga kelele. "Umeota mvi na hukuniambia!"

Walicheka, wakalia, wakacheka tena. Kisha akageukia ubao wa kaka. Ulikuwa mweusi tii.

"Mama, unaniona?" sauti yake ilifika safi kabisa.

"Nakusikia, mwanangu. Uso wako uko wapi?"

"Dakika moja."

Tukasikia vidole vinagonga. Alianza kujisemea: labda ubao umechorwa kabla kamera haijaamka, labda ruhusa imekataliwa, labda ukubwa wa picha. "Lakini imefanya kazi alfajiri!" alisema. "Nimeijaribu mwenyewe!"

"Kaka," nikamwambia, "nipigie simu ya picha. Nitaishika simu mbele ya kamera ya hapa, utatokea kwenye ubao wa mama."

"Nitatoka na ukungu, hatanitambua. Tatizo nimeshaliona. Subiri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nipigie!"

"Usinichanganye!"

Nikampigia mimi. Niliisikia simu yake ikiita kupitia spika, pale pale pembeni yake, na hakuipokea. Nilitaka kumtukana, lakini mama alikuwa ananisikiliza. Niliuma meno nikiutazama ule weusi, kama vile kuutazama sana kungeutoboa.

Muuguzi akaingia. "Mama, daktari yuko tayari."

"Dada, tuvumilie kidogo," nikamsihi muuguzi. Alituvumilia, Mungu ambariki. Alirekebisha shuka ambalo halikuwa na kasoro, akasoma dripu, akasoma tena. Mwishowe akasema kwa upole, "Mdogo wangu, chumba cha upasuaji hakinisubiri mimi."

"Msimsumbue mtoto," mama akasema. "Sauti inatosha." Kisha akauuliza ule ubao mweusi, "Mwanangu, umekula?"

"Nitakula, mama. Dakika moja tu."

Wakasukuma kitanda. Mama alikuwa ameigeuzia shingo televisheni mpaka mlango ulipofungwa.

Nilikuwa bado nimesimama na viatu vyake mkononi ubao ulipowaka. Kaka huyo, amejaa ukuta mzima, na fulana nyeupe, jasho linamtiririka, anacheka. Kumbe alfajiri alifungua kidirisha cha kujaribia kamera, akasahau kukifunga, kikajificha nyuma ya vingine kikiwa kimeishikilia. Na kamera yake ilikuwa ya kutumikia programu moja tu kwa wakati.

"Mama! Umeniona?"

Dada mkubwa aliinamisha uso. Ndipo kaka akautazama ubao wa mama, akaona ukuta na nafasi tupu ya kitanda. Kile kicheko kilichukua muda kumtoka usoni.

"Mganga hajigangi," dada alisema baadaye kwenye simu, kisha akaangua kilio.

Upasuaji haukufaulu. Kaka alipofika bandeji zilikuwa zimeshatolewa, na mama alikuwa haoni chochote. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyeitwa na polisi. Mama akamtafuta kifundo cha mkono, akakishika.

"Nilikuona," akamwambia. "Walipokuwa wananitoa mlangoni, ukatokea. Ulipendeza. Ulivaa shati la buluu."

Kaka alinitazama. Mimi nikatazama dirisha.

"Ndiyo, mama," akasema. "La buluu."