Muuguzi wa swali lilelile

Yule muuguzi wa maternité, wodi ya wazazi, anachosha. Tangu damu ivuje ndani ya ubongo wa dada yangu Myriam, mwenye mimba ya miezi minane, kila nusu saa anammulika macho kwa kitochi na kuuliza: "Mama, jina yako nani? Tuko wapi?" Mama mkwe wa Myriam anawahi kujibu: "Tuko ku hôpital." "Mama, hapana weye niko nauliza." Nikamshauri muuguzi aandike majibu, yatamsaidia kwenye mtihani. Hakucheka. "Asipojibu, tunamupasua palepale, tutoe mutoto, docteur ashugulikie kichwa." Saa nane mchana akauliza tena. Safari hii tulinyamaza sote, hata mama mkwe. Myriam naye akanyamaza. Muuguzi akaanza kusukuma kitanda peke yake, akitufokea tufungue mlango.