Disiki Isiyokuwa na Uzito

Asubuhi nikifika kwenye kibanda changu cha kuandika na kuchapa karatasi, hapa Kikula, nilikuwa nabonyeza laptop, nafagia, nachota maji, nasalimia majirani wote, hata wale tusiosemezana, kisha narudi kuitazama ikizungusha kale kaduara kake ka kungojesha. Wateja walikwisha kuzoea. Wengine walikuja na vitambaa vyao vya kushona.

Aliyekataa kuzoea ni shangazi mmoja wa bibi harusi. Alileta Jumatano kazi ya mialiko ya wakwe, michache lakini ya kupambwa, akakaa kwenye benchi mpaka kivuli kikamkimbia.

"Mama, hii mashine yako iko inafunga na kuomba?"

"Iko inajipanga, tantine."

"Basi ijipange mpaka Ijumaa. Ikiwa vile tena, napeleka kazi kwa ule kijana wa ngambo ya barabara."

Mteja wa harusi haondoki peke yake. Anaondoka na ubatizo, na sherehe ya diploma, na, Mungu apishe mbali, matanga. Nilipiga hesabu ya hasara hiyo mara mbili, nikafunga kibanda.

Kwa fundi nilikwenda kesho yake asubuhi, na mume wangu. Yeye hununua mawe ya shaba kwa wachimbaji, na mizani yake ya kwanza ni kiganja: hubeba jiwe, hufumba macho, husema lina kitu au ni udongo mtupu. Katika mji huu kuna watu waliojenga nyumba kwa kiganja cha namna hiyo. Yetu haijafika kwenye bati, lakini haya.

Fundi alifungua mgongo wa laptop. Nilihesabu skrubu, nikahesabu tena, nikazifunika kwa mkono. Akasema RAM ni ndogo, na disiki ni ya zamani, ile ya kuzunguka, ndiyo inayochelewesha kila kitu. Akaweka mezani SSD, disiki ya kisasa isiyozunguka. Mume wangu akaibeba, akafumba macho, akayafumbua upesi.

"Fundi, hii iko bure. Hamuna kintu ndani."

"Papa, muko giga mia mbili na makumi tano."

"Ziko wapi? Miye nabeba mawe toka utoto. Lete ile nzito."

Ile nzito ilikuwa ya kuzunguka pia, ndugu ya ile yetu, imetolewa kwenye mashine iliyokufa. Fundi akanitazama. Nami, kwa kuwa nzito ilikuwa pia ya bei rahisi, nikagundua ghafla kwamba nimeolewa na mtu mwenye hekima.

Kuhamisha vitu vyangu kulichukua mpaka mchana. Fundi akabonyeza. Kaduara kakaanza kuzunguka, kametulia, kama kako kwao.

"Papa," fundi akasema, "sasa muko na uzito."

Mume wangu akakumbuka kwamba kuna watu wanamngoja kwenye njia ya Kakontwe.

Nikabaki na fundi, na hapo ndipo kazi yangu huanza. Nikamwambia disiki nzito irudi kwake, haijalala kwangu hata usiku mmoja. Kwamba kosa ni lake, fundi mzima kuongozwa na mtu wa mawe. Na kwamba SSD na RAM ya kuongeza vije vyote kwa bei ya SSD peke yake.

"Mama, weye unataka na shati yangu?"

"Iko mpya?"

Akacheka, akatoa RAM.

Ijumaa shangazi alifika amenuna tayari. Nikabonyeza, mashine ikawaka, nikaandika majina, mialiko ikatoka kabla hajamaliza kupangusa vumbi la benchi. Akautazama mmoja mbele, akautazama nyuma.

"Kazi ya kupepesa macho, na weye unataka bei ya siku muzima?"

Jumatano alikuwa tayari kulipa bei ileile, na kuungua jua juu yake. Nikapunguza, ili asivuke barabara.

Baada ya harusi alileta kazi ya ubatizo. Nikaishika karatasi yake, nikatikisa kichwa.

"Tantine, hii kazi iko nguvu, itachukua muda. Pita saa kumi."

Alipokata kona nikachapa, nikatia kwenye droo, nikakaa. Saa kumi alilipa bei nzima, akanipa pole ya kazi.