Samaki Karudishwa Kazini, Mzee Filimbi Bado

Mlikuwepo. Msijifanye hamkuona.

Siku samaki alipofukuzwa kazi pale mapokezi, Jumanne, saa nne asubuhi, wewe wa uhasibu ulikuwa unakoroga chai isiyoisha. Wewe wa mauzo uliinama kufunga viatu. Ulikuwa umevaa ndala!

Ndiyo, samaki. Na sijalewa.

Mimi ni mpakizi ghalani. Mambo ya samaki nimejisomea mwenyewe, ndiyo maana nikatwishwa pia kazi ya kutunza tangi la maji ya chumvi la Bosi. Wanaishi wawili humo: kamba mdogo ambaye gando lake likifyatuka linalia kama bastola, na kisamaki mwenye mistari.

Kamba haoni vizuri. Anachimba shimo kutwa. Kisamaki anakaa mlangoni, na kamba haondoi sharubu mgongoni mwake. Kisamaki akiona hatari na kutikisa mkia tu, wote ndani.

Bosi alikuwa analeta wageni wasikie mlio. Pa! Anacheka mpaka tai inamkaa mgongoni.

Akaja Mkaguzi, na saa yake ya kuhesabia sekunde, kusaka wavivu. Ghalani akamkuta Mzee Filimbi kitini, mlangoni. Foklifti ya kubebea mizigo ikirudi nyuma mzee anapuliza filimbi, sisi tulioinama kwenye maboksi tunarukia ukutani. Miaka kumi na tisa, hajapondwa mtu hata kidole.

"Anakaa tu," Mkaguzi akaandika.

Akapanda mapokezi. Akalitazama tangi dakika arobaini.

"Na huyu?"

"Huyu samaki, mkuu," nikamjibu.

"Namuona. Kazi yake?"

"Anakaa mlangoni."

"Mwenzake anachimba, yeye anakaa? Mtoe!"

Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

Bosi akasaini orodha ya wavivu wa kufukuzwa bila kuisoma. Namba moja, Mzee Filimbi. Namba mbili, samaki. Neti nikapewa mimi.

Mzee akanishika bega. "Mwanangu, huyo usimtupe. Mtie kwenye ndoo ya maji yake. Watamtafuta."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi siwekwi kwenye kioo."

Nikamtia ndooni. Kamba akajifungia shimoni. Siku kumi na moja, kimya. Wageni wanakodolea mchanga. Bosi hali, hanywi, kapiga magoti mbele ya tangi: "Toka, baba. Toka, basi."

Ghalani nako, foklifti ilimkosa Mama Pacha, mpakizi mwenzangu, kwa unene wa ukucha. Kwake hakupiga mtu magoti.

Siku ya kumi na mbili Bosi akaniita. Nikamwambia, "Anayechimba haoni, bosi. Bila wa kumwangalizia, hatoki."

Machozi yakamlengalenga. "Kumbe kukaa mlangoni ni kazi!"

"Ni kazi, bosi."

"Tena kazi kubwa!"

"Sana, bosi!" Moyoni nikasema, Mzee Filimbi kesho yuko kitini.

Tukakusanywa wote. Bosi akasoma barua, sauti inatetemeka. Samaki amerudishwa kazini. Amepandishwa cheo. Kibao cha shaba kikabandikwa kiooni: MLINZI MKUU.

Mkapiga makofi.

Nikanyoosha mkono. "Na Mzee Filimbi?"

"Hilo ni suala jingine," akajibu, macho kwa samaki.

Pa! Kamba akafyatua. Mkashangilia, na nyote mkageukia tangi. Na mimi sijitoi: neti niliishika mimi, na siku ile ya kwanza sikumuuliza Bosi kitu.

Funzo? Kazi ya mlinzi haionekani mpaka akose kuwepo. Kwa samaki tulikosa mlio. Kwa Mzee Filimbi tutakosa mguu wa mtu.

Usinibonyezee kidole gumba hapo chini ya ujumbe huu. Kidole hicho kishike kalamu.

Barua ya kumrudisha mzee nimeibandika mlango wa ghala, kalamu inaning'inia kwa uzi. Ina majina mawili: langu na la Mama Pacha.

Foklifti inawashwa saa mbili.

Shuka usaini.